Sauti ya Shangazi Ndani ya Sumaku

Mtangazaji wa mpira ninayemzungumzia hapa walimwita Chiriku, na hakuna aliyehitaji kuuliza sababu. Tangu utotoni mdomo wake haukujua likizo. Wazazi wake walifariki angali mdogo, akalelewa na shangazi yake, dada wa baba yake, mwanamke mwenye ulimi mkali na mkono mwepesi wa kugawa chakula. Shangazi alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alizaliwa akiwa katikati ya maneno, mkunga akamkatiza, ndiyo maana alilia kwa hasira.

Alipokuwa mtu mzima, redio ilimwajiri kwa kosa lilelile lililomfanya apigishwe magoti shuleni. Watu waliokuwa uwanjani wenyewe walikwenda na redio ndogo masikioni, wakautazama mchezo kwa macho yao na kuusikiliza kwa Chiriku, maana mpira wake ulikuwa mtamu kuliko ule uliochezwa kwenye majani. Beki mzembe alimwita mlango wa stendi, kila mwenye mzigo anapita. Kipa aliyefungwa mara tatu alimpa pole hewani, akasema nyavu za ndugu yetu leo zimevua kuliko za mvuvi.

Siku mambo yalipoanza kwenda kombo, alikuwa akimfuata winga mmoja aliyekuwa akiambaa na mstari. "Anamtoka wa kwanza," alisema, "anamtoka wa pili, anainua kichwa, ana..." Kisha kimya. Aliyekaa pembeni yake, mchezaji mstaafu ambaye kila mtu alimwita Kocha, alidhani mitambo imekufa, akagonga kipaza sauti. Mitambo ilikuwa hai. Chiriku alikuwa amekaa macho wazi, anaukodolea uwanja, mkono wake mmoja unachezea kifungo cha shati, taya zinatafuna hewa. Baada ya muda akashusha pumzi na kuendelea, lakini mpira ulikuwa umeshafika upande wa pili, na hakujua umefikaje huko. Kocha alimfunika kwa maneno ya kubabaisha. Wasikilizaji walilaumu umeme.

Nyumbani mkewe alikuwa ameshaona. Alikuwa fundi cherehani, chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilikuwa duka lake, na macho yake yalizoea kuona uzi uliolegea kabla nguo haijafumuka. Alikuwa amemwona mumewe akinyamaza katikati ya hadithi, kikombe mkononi, chai ikimiminika mkekani na yeye hana habari. Chiriku alijitetea kwamba ni uchovu. Mkewe akamjibu kwamba amewahi kuchoka sana maishani mwake na hajawahi kumwaga chai bila kujua. Wakaenda hospitali.

Huko walimvisha kofia yenye waya nyingi inayosoma umeme wa ubongo, na karatasi ikaonyesha vurugu upande wa kushoto. Wakaambiwa ni kifafa. Chiriku alibisha, kwa kuwa kifafa alichokijua yeye kilikuwa cha kuanguka na kutoa povu. Daktari wa ubongo, mama mmoja mwenye mwanya na maneno machache, alimweleza kwamba kifafa kina nyuso nyingi, na kwamba chake ni cha kumteka mtu kwa muda mfupi huku mwili umebaki umekaa. Akampa dawa, na akamwandikia kipimo cha picha ya kichwa.

Picha hiyo ya kwanza ilipigwa kwenye mashine ya zamani, na majibu yakaja kwamba kichwani hakuna kitu. Chiriku alirudi nyumbani akifurahi. Shangazi alipopewa habari akasema kwamba hilo walimu walishalisema zamani, tena bila mashine.

Lakini dawa ilisaidia kidogo tu. Walibadilisha, wakaongeza, na bado kimya kilikuja kikamchukua kilipotaka. Redioni walimheshimu mno hata wasiweze kumfukuza, ila walimwondoa uwanjani wakampa kazi ya kupanga kanda za zamani. Akawa anakaa kwenye chumba kisicho na dirisha, anasikiliza sauti yake mwenyewe ya miaka iliyopita ikishangilia mabao ambayo wafungaji wake walishastaafu. Jioni alirudi nyumbani hana la kusema. Mkewe alizima cherehani ili amsikie vizuri, akakuta hakuna cha kusikia.

Ndipo yule daktari mwenye mwanya alipowaita. Aliwaambia kuna hospitali kubwa imepata mashine ya sumaku yenye nguvu zaidi, inayoweza kuukata ubongo kwa picha vipande vyembamba kama karatasi, bila kisu wala mionzi. Mke wa Chiriku aliuliza tofauti yake na ile ya kwanza ni nini kama zote ni picha. Daktari alimtazama kidole chake chenye alama za sindano, akamwambia ni sawa na kukitazama kitambaa kikiwa kimetundikwa ukutani, na kukichukua ukakipitisha vidoleni.

"Basi apitishwe vidoleni," alisema mkewe.

Na kweli, kasoro ilionekana. Kwenye mkunjo mmoja wa upande wa kushoto, juu kidogo ya sikio, pale tabaka la kijivu la ubongo linapokutana na lile jeupe, mstari wa mpaka ulipaswa kuwa mkali. Hapo ulikuwa umefifia, kama wino uliodondokewa na maji. Daktari alisema hiyo si saratani na haikui, ni mahali ambapo ubongo ulijipanga vibaya tangu tumboni mwa mama yake. Chiriku akauliza kwa nini kasoro ya kuzaliwa nayo imsubiri apate jina mjini ndipo imfanyie fujo. Daktari alikiri kwamba hilo halijui, na Chiriku alimpenda kwa jibu hilo kuliko kwa yote aliyowahi kumwambia.

Kasoro ya namna hiyo ingeweza kukatwa, na wengi waliokatwa walipona kabisa. Tatizo lilikuwa jirani yake. Kwa watu wengi lugha imekaa upande huohuo wa kushoto, na mipaka yake haifanani kati ya mtu na mtu. Mpasuaji asingeruhusiwa kuingia hapo bila ramani ya kichwa hiki hasa.

Chiriku akasema taratibu, "Daktari, mkikitoa kifafa mkaondoka na maneno yangu, mtakuwa mmemponya mtu mwingine."

"Ndiyo maana nataka ramani," daktari akajibu.

Ramani hiyo ilipatikana ndani ya mashine ileile. Mtu analala humo, anapewa kazi ya kufanya kichwani, na mashine inapiga picha moja baada ya nyingine. Sehemu ya ubongo inayofanya kazi huvuta damu zaidi, na sumaku huhisi mabadiliko hayo. Chiriku aliingiwa na wasiwasi kwamba watasoma mawazo yake, hasa yale kuhusu wakubwa wake wa kazi. Daktari akamtoa hofu. Alisema ni kama kuona moshi ukitoka kwenye nyumba za watu: unajua nani amewasha jiko, hujui anapika nini.

Aliyeendesha mashine alikuwa mtaalamu wa picha, kijana mrefu mwenye sauti ya pole ambaye wagonjwa walimwita Tulia kwa sababu ndilo neno alilolisema kuliko mengine yote. Alimlaza Chiriku, akamzibia kichwa kwa sponji pande zote, akamvalisha vizibo vya masikio vyenye spika ndani na kumwekea kioo kidogo juu ya macho. Kazi ilikuwa kuona herufi kwenye kioo na kufikiria maneno yanayoanza na herufi hiyo, moyoni tu, bila kutikisa mdomo.

Kumwambia Chiriku afikirie neno asilitamke ni kumwambia jogoo aone jua anyamaze. Midomo ilicheza, kidevu kikafuata, kichwa kikafuata kidevu. Picha zikatoka zimetikisika kama za mtu aliyepigwa picha akiwa juu ya baiskeli. Wakarudia. Safari hii alijikaza asitikisike, lakini akili ikatoroka. Alikiri mwenyewe kwamba baada ya herufi chache alianza kutangaza kimoyomoyo mechi kati ya mlio wa mashine, uliokuwa kama watu wanaogongea bati, na sauti ya Tulia ikimwambia atulie. Ramani ilitoka na madoa hafifu ambayo daktari alisema asingethubutu kuyapeleka kwa mpasuaji.

Chiriku alivaa viatu bila kumtazama mtu. Aliona ameshindwa mtihani wa kunyamaza na wa kusema, yote kwa pamoja. Daktari hakumlaumu. Alisema kosa ni la kazi yenyewe, kwamba orodha ya maneno imemchosha kabla haijamwamsha, na kwamba itabidi atafute kitu kingine. Akamgeukia mkewe, akamuuliza ni kitu gani humfanya mumewe ajibu hata kama hataki.

Mke hakufikiri. "Shangazi yake."

Akaeleza kwamba Shangazi ana mtindo wa kuanza sentensi na kuiacha ikining'inia, na tangu utotoni Chiriku hawezi kuiacha hivyo. Awe amenuna, awe anaumwa, awe amelala nusu, ataimalizia tu. Daktari akaandika kitu, akaomba Shangazi aletwe.

Shangazi alifika amevaa kama mtu anayekwenda harusini. Alipoelezwa kinachotakiwa, alianza papo hapo na methali. Daktari alimsimamisha kwa adabu. Alisema methali ni maneno yaliyokwisha kukaa pamoja, ukivuta la kwanza la mwisho linakuja lenyewe, na ubongo hautoki jasho. Alihitaji sentensi ambazo mwisho wake lazima utafutwe.

"Umetaka nimfungulie mlango," alisema Shangazi, "lakini usiwe mlango wa kwake anaoupita gizani."

Daktari akasema ndivyo hasa.

Walirekodi kwenye stoo ya magodoro, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na utulivu kuliko vyumba vyote vya hospitali. Tulia alishika kinasa sauti, Shangazi akakaa juu ya godoro jipya lililokuwa bado na nailoni, likawa linalia kila akijigeuza, mpaka wakamtafutia kigoda. Sentensi zilimtoka kama maji. Jirani anayeazima chumvi kila siku, mwishowe utamwambia. Mwanamume anayesifu mapishi ya mkewe mbele ya wageni tu, huyo. Refa aliyesahau filimbi nyumbani itabidi. Mbuzi akiingia dukani kwa fundi cherehani, kitu cha kwanza atakacho ni. Kila moja aliikata palepale ilipoanza kunoga, na Tulia, aliyekuwa ameambiwa asitoe sauti, alionekana akiuma mkono wa koti lake.

Kilibaki kipande kimoja. Ili kutenganisha lugha na kelele tupu, walihitaji pia sauti ileile isiyo na maneno. Tulia aliigeuza rekodi ikacheza nyuma mbele, akamsikilizisha mwenyewe. Shangazi alisikiliza hadi mwisho, uso mkavu.

"Sasa nimeelewa," alisema. "Hivi ndivyo marehemu mume wangu alivyokuwa akinisikia."

Siku ya kipimo Shangazi alitaka kumsindikiza Chiriku hadi ndani. Tulia akamwambia sumaku haikubali chuma, avue vibanio vya nywele. Akavua kimoja, akavua cha pili, akaendelea kuvua, bakuli dogo likawa linajaa na kichwani bado vimo, hadi akakata tamaa akakubali kusimama nyuma ya kioo pamoja na mke wa Chiriku.

Ndani, Chiriku aliifumba mikono yake tumboni. Alikuwa na hofu, hofu ya mtu anayejua kwamba mlango huu ukifungwa hakuna mwingine. Mashine ikaanza kugonga bati zake. Kisha, katikati ya makelele, akasikia mtu akikohoa kidogo kama anayeingia jikoni, na sauti ya Shangazi ikamuuliza utamwambia nini jirani wa chumvi. Baadaye alisimulia kwamba mabega yake yalishuka yenyewe. Alijiona yuko chini ya meza ya zamani, anafanya kazi za shule, Shangazi anapepeta mchele na kumchokoza. Akamjibu moyoni. Sentensi ikaja nyingine, akajibu tena. Halafu ikaja ile sauti iliyogeuzwa, akapumzika. Alipofika kwa mbuzi, kicheko kilimpanda hadi kooni. Alikizuia kwa kukunja vidole vya miguu kwa nguvu zote. Machozi yalimtoka yakaingia masikioni, na kichwa hakikusogea hata unywele.

Nyuma ya kioo Tulia alikuwa akiutazama mstari wa kwenye kompyuta unaoonyesha mtikisiko. Ulikuwa umenyooka. Hakusema neno lake la kila siku. Alimvutia Shangazi kiti tu.

Kabla hawajamtoa, walipiga na picha ya namna nyingine, inayofuata jinsi maji yanavyosafiri kandokando ya nyuzi za ubongo, ili kuzichora njia zinazounganisha sehemu moja na nyingine. Kwa picha hiyo hakutakiwa kufanya lolote, na Chiriku akasinzia.

Wiki iliyofuata waliitwa wote watatu. Mpasuaji alikuwepo, mzee mfupi mwenye viganja vipana, aliyesimama wakati wengine wamekaa. Kwenye kompyuta ulionekana ubongo wa kijivu, na juu yake madoa ya rangi ya chungwa yanayowaka. Lugha ya Chiriku ilikuwa kushoto, waziwazi. Doa moja lilikaa upande wa juu wa ile kasoro, na kati ya viwili hivyo palibaki nafasi ya kupitisha kidole. Mke wa Chiriku alipumua kwa sauti. Daktari akafungua picha ya pili. Hapa nyuzi zilichorwa kama mafungu ya uzi wa rangi, na fungu moja nene, linalounganisha sehemu ya kusikia maneno na ile ya kuyatunga, lilikuwa limejipinda kuliko kawaida na kushuka likapita ubavuni mwa kasoro.

Mpasuaji aliweka kidole palepale. "Bila hii ningepita hapa. Ndiyo njia ninayopita kwa wengi. Kwako njia hii ina watu."

Akaeleza kwamba ataingia kwa chini, kwa njia ndefu zaidi na nyembamba, kama mtu anayekwepa barabara kuu na kushika uchochoro. Chiriku alikuwa akitazama rangi zile bila kupepesa macho. Mkewe alidhani kimya chake kimekuja, akamgusa goti. Hakikuwa hicho. Alikuwa akijiuliza ni doa lipi lililojibu habari za mbuzi.

Swali lililowakaa wote kooni aliliuliza Shangazi. "Akitoka humo, atakuwa ni yeye?"

"Nikikuapia nitakuwa mwongo, mama," alisema mpasuaji. "Ninachokwambia ni kwamba sasa najua pa kutokanyaga."

Jioni ile Chiriku alikaa kwenye duka la mkewe, juu ya lundo la mashuka ya mteja, akamweleza anaogopa. Akasema anaweza kuzoea chumba cha kanda na vile vimya vyake, kuna watu wanaishi na makubwa kuliko hayo. Mkewe aliendelea kupiga pindo mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno. Akamwambia uamuzi ni wake na hatamsukuma. Lakini asije akaukataa upasuaji kwa kuogopa kwamba yeye mkewe atamchoka.

"Nimekusikiliza miaka yote hii," alisema. "Nikikupata unasema nusu, nitasikiliza nusu. Na nusu yako ni nzima ya mwenzako."

Chiriku akacheka hadi mashuka yakaporomoka. Asubuhi akampigia daktari simu.

Siku ya upasuaji Shangazi aligombana na kiti cha chumba cha kusubiria, na feni, na mtu aliyekuwa akitafuna karanga. Mke wa Chiriku alifumua pindo la gauni lake na kulishona upya, kisha akalifumua tena. Mpasuaji alipotoka alikuwa na alama ya kofia kwenye paji la uso, na kabla hajafungua mdomo wakaona mabega yake yamelegea kwa namna nzuri. Kasoro yote ilikuwa imetoka. Njia yenye watu haikuguswa.

Hata hivyo, walikuwa wameonywa kwamba ubongo huvimba ukishikwashikwa, na kwamba maneno yanaweza kupotea njia kwa muda. Yalipotea kweli. Chiriku alipozinduka alimtazama mkewe kwa macho yake yaleyale, macho ya mtu mwenye la kusema, akaomba kalamu. Wakampa kalamu. Akatikisa kichwa kwa uchungu, akaomba kalamu tena, akionyesha glasi ya maji. Siku hizo maneno yake yalikuja yamevaa nguo za wenziwe. Kiatu alikiita kesho. Muuguzi alimwita sahani, na muuguzi, ambaye alikuwa mtu mwema, akaitika. Safari moja aligeukia ukutani akalia, na mkewe hakujua amfariji kwa maneno gani kwa kuwa maneno ndiyo yaliyokuwa yakimliza.

Shangazi alisogeza kigoda karibu na kitanda. Hakumpa pole. Alikung'uta makombo ya mkate kwenye shuka, akaanza kwa sauti yake ya jikoni.

"Mgonjwa akitaka maji akaomba kalamu, muuguzi ata..."

Chiriku aligeuka. Midomo yake ilijaribu kitu ikakiacha, ikajaribu kingine. Walimwona anakitafuta, kama mtu anayepapasa funguo mfukoni mwa koti lenye mifuko mingi. Mkewe alitaka kumsaidia, Shangazi akamzuia kwa jicho.

"Ata... leta," alisema Chiriku. Akameza mate. "Ataleta wino."

Mkewe alitoka akaenda kusimama ukumbini, akaegemea ukuta na kulia kwa raha yake yote, na sahani, yaani muuguzi, akamletea kitambaa.

Kuanzia hapo maneno yalirudi, mengine kwa mkupuo, mengine kwa kujivuta. Kimya kile hakikurudi. Walikisubiri mwezi mzima, na mwingine, mke akiangalia kila kikombe cha chai hadi kinapokwisha, na siku moja akagundua ameacha kuangalia. Daktari mwenye mwanya alimpiga picha nyingine, akasema pale palipokuwa na wino uliolowa sasa kuna nafasi safi. Dawa ataendelea nazo kwanza, watapunguza kidogo kidogo. Hasara iliyobaki ilikuwa ndogo na ya ajabu: majina ya mboga. Hadi leo hayamjii. Akitumwa sokoni hunyoosha kidole na kusema hiyo mboga, na ile mboga nyingine, na wauzaji wanadhani ni maringo ya watu wa redioni.

Alirejea uwanjani kwa kipindi cha pili tu, kwa majaribio, Kocha akiwa tayari pembeni kama mtu anayemfundisha mtoto baiskeli. Hakuhitajika. Kilichobadilika ni kwamba sasa Chiriku, mara mojamoja, husimama kidogo kulisubiri neno. Zamani asingeiacha hewa tupu hata kwa kupiga chafya. Wasikilizaji hawakujua kisa chake, wakadhani ni ustadi mpya. Barua zikaja redioni zikisifu jinsi siku hizi anavyojua kumweka mtu roho juu kabla ya shuti.

Daktari alimwomba Shangazi ruhusa ya kuitumia rekodi ile kwa wagonjwa wengine. Shangazi alikataa, kisha akaeleza kwa nini: uchokozi ule ulikuwa wa mtoto wake, hauwezi kugawiwa kwa wapita njia. Angetunga mwingine wa watu wote. Akarudi kwenye stoo ya magodoro, tena amevaa kama wa harusini, ingawa Tulia alimkumbusha kwamba kinachochukuliwa ni sauti tu.

Miezi ikapita. Siku moja Shangazi aliingia kwenye duka la vyombo kutafuta mfuniko wa sufuria, akamuuliza mwenye duka bei. Mwenye duka, mwanamke wa makamo aliyekuwa ameinama akipanga vikombe, aliacha kazi. Akamwomba arudie alichosema. Shangazi akarudia, kwa ukali kidogo, akidhani bei inapandishwa.

"Ni wewe," alisema yule mwanamke. "Wewe ndiye mama wa ndani ya mashine."

Akamshika mkono. Akamsimulia kwamba alikuwa na uvimbe kichwani, kwamba alilazwa humo akitetemeka hadi akataka kubonyeza kengele atolewe, mara akasikia mtu akizungumza naye kama jirani. Sasa ni mzima. Jambo moja tu halijamtoka moyoni. Ile sentensi ya mgeni aliyeaga kwao kwamba anakuja kukaa siku mbili, halafu unamwona mlangoni na godoro, mwisho wake sahihi ni upi?

Shangazi alimwambia haina mwisho sahihi, mwisho ni wa mwenyewe. Akauliza yeye aliimaliziaje.

"Nilisema godoro liingie, yeye arudi kwao, aje kulichukua likichoka."

Shangazi aliuweka mfuniko juu ya meza, akavuta kigoda akakaa, na wateja waliokuwa nyuma yake ikabidi wasubiri.